MAISHA YA SHEIKH ABDULAZIZ BIN ABDULGHANI AL-AMAWI, KADHI WA UNGUJA, PAMOJA NA MAS-ALA YA SHERIA NA NEEMA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote zamstahikia Yeye, na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Hizi ni khabari za mwanachuoni mkubwa katika wanavyuoni wa Kishafi wa pwani hii, Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani Al-Amawi, aliyekuwa kadhi wa Unguja zamani za Sayyid Majid na Sayyid Barghash. Zimekusanywa kwa ajili ya watu wa mrima, na khasa wa Kibaha na Kisarawe, kwani huko Waislamu na Wakristo hukaa mtaa mmoja, hulima shamba kwa shamba, na huhudhuriana katika maziko. Na kwa kuwa wamekaribiana hivyo, maneno ya dini hayaishi barazani. Mwislamu humwambia jirani yake kwamba Wakristo hawana sheria, wala hawajui halali na haramu. Mkristo naye humjibu kwamba Waislamu wadhani Pepo hununuliwa kwa rakaa na saumu, kama mtu anunuavyo kitambaa dukani. Killa mmoja huondoka amekasirika, na hapana hatta mmoja aliyesema kweli juu ya mwenziwe. Katika maisha ya Sheikh huyu mna mafunzo ya mas-ala hayo, kwani yeye alikaa na wamisheni wa kwanza wa Unguja kwa adabu na ilimu, wala dini yake haikupungua kitu.

NASABA YAKE NA KUZALIWA KWAKE

Sheikh Abdulaziz alizaliwa Barawa, bandari ya pwani ya Benadir katika nchi ya Wasomali, katika miaka ya 1830. Nasaba yake yahusishwa na Bani Umayya katika Makureshi, na ndiyo sababu ya kuitwa Al-Amawi. Barawa ni mji wa kale, na wenyewe wana Kiswahili chao kiitwacho Chimiini, ambacho wengine hukiita Chimbalazi. Mji huo si mkubwa, walakini umetoa wanavyuoni wengi kuliko miji iliyouzidi kwa watu na kwa mali. Huko ndiko alikotoka Sheikh Muhyiddin Al-Qahtani, kadhi na mshairi, aliyekufa Unguja mwaka 1869. Na huko ndiko alikotoka Sheikh Uways bin Muhammad, aliyeieneza tarika ya Kadiria pwani na bara hatta alipouawa mwaka 1909.

KUSOMA KWAKE NA UKADHI WA KILWA

Alipokuwa kijana aliingia katika darsa ya Sheikh Muhyiddin, akasoma kwake fikihi ya Imamu Shafi, na nahau, na tauhidi, na fani nyinginezo. Mungu alimruzuku fahamu nyepesi na hifadhi yenye nguvu, ikawa wakubwa kwa umri humtazama yeye panapotokea neno gumu kitabuni.

Khabari zake zikamfikia Sayyid Said bin Sultan. Sayyid Said alikuwa Ibadhi, walakini dasturi ya dola ile ilikuwa kwamba Waibadhi wahukumiwe na kadhi wao, na Mashafi wahukumiwe na kadhi wao, asiingiliwe mtu katika madhehebu yake. Basi akamteua Sheikh Abdulaziz kuwa kadhi wa Kilwa, naye angali kijana mdogo, kabla ya mwaka 1856 aliofariki Sayyid Said.

Kilwa zama hizo ilikuwa bandari ya misafara itokayo nchi za Nyasa, na pembe na watumwa walipita hapo kwa wingi. Kadhi wa bandari kama hiyo hapumziki. Asubuhi huletewa mirathi, adhuhuri huletewa deni, na alasiri huletewa mume na mke. Na mtu aketiye katika kiti hicho hufahamu upesi jambo ambalo wengi hawalifahamu, ya kwamba sheria na rehema si maadui wawili. Mwenye kudai ana haki ya mali yake, nayo ndiyo sheria. Walakini mdaiwa akiwa mtu wa dhiki, sheria ile ile yaamrisha angojewe mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Mwenye kuuliwa ndugu yake kwa makusudi ana haki ya kisasi. Walakini sheria ile ile yampa mlango wa kusamehe na kupokea dia, au kusamehe bila ya kitu. Jambo hili na liwekwe moyoni, maana litarudi mbele.

KUHAMIA UNGUJA

Baada ya Kilwa, Sheikh Abdulaziz alipewa ukadhi wa Unguja yenyewe katika zama za Sayyid Majid bin Said, aliyetawala toka 1856 hatta 1870. Ndiye Sayyid Majid aliyeanza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, na nyuma ya mji huo ndiko iliko Uzaramo, nchi ya Kisarawe na Kibaha.

Unguja Sheikh alikuta bahari ya ilimu. Aliketi barazani pamoja na makadhi wa Kiibadhi, na baina yao na wanavyuoni wa Kishafi mna khitilafu ijulikanayo katika habari ya dhambi kubwa. Waibadhi husema kwamba mtu akifa na dhambi kubwa bila ya kutubu, hatatoka Motoni milele. Mashafi waifuatao itikadi ya Imamu Ash-ari husema kwamba Mwislamu aliyekufa hivyo amo katika matakwa ya Mungu: akitaka atamwadhibu kwa uadilifu wake, na akitaka atamsamehe kwa fadhila zake, na mwisho wa muumini ni Peponi, na Mtume Muhammad atawaombea wenye madhambi katika umati wake. Kwa hiyo hatta kabla ya kumwona padri yeyote, Sheikh alikuwa amekwisha kulipima kwa mizani ya ilimu neno hili: uadilifu wa Mungu wafika wapi, na rehema yake yafika wapi.

KUJA KWA WAMISHENI

Mmisheni wa kwanza katika pwani hii zama hizi alikuwa Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha Waingereza, akafika Mombasa mwaka 1844. Baada yake, katika mwaka 1864, walifika Unguja Askofu Tozer na padri Edward Steere, watu wa misheni ya Kiingereza, baada ya kushindwa kukaa katika nchi ya mto Shire. Na katika mwaka 1868 mapadri wa Kikatoliki walijenga misheni yao Bagamoyo.

Huyu Steere alizaliwa London mwaka 1828, na kabla hajawa padri alisomea sheria za Kiingereza mpaka akapata daraja kubwa ya ilimu hiyo. Basi waliokutana Unguja walikuwa watu wawili wa sheria, mmoja kadhi wa Kishafi, na mmoja mwanasheria aliyeiacha kazi ya mahakama. Steere alikuwa na bidii isiyochoka ya kujifunza Kiswahili. Alikaa na watu, akaandika ngano zao na maneno yao, na mwaka 1870 akatoa kitabu chake cha kufundishia lugha ya Unguja. Mwaka 1874 akawa askofu. Ndiye aliyejenga kanisa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, baada ya Sayyid Barghash kulifunga soko hilo mwaka 1873. Alikufa mwaka 1882, akazikwa ndani ya kanisa hilo.

SHEIKH NA ZABURI

Katika miaka ile ya kwanza ya kukaa kwake, Steere alijuana na Sheikh Abdulaziz, naye Sheikh akajitolea mwenyewe kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho safi na bora. Kazi hiyo ilifika Zaburi ya kumi na sita, kisha ikasimama. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, shughuli za Sheikh zilikuwa nyingi, hakupata nafasi. Ya pili, Kiswahili chake kilikuwa cha juu mno, cha watu wa ilimu, nao wamisheni walitaka lugha itakayofahamiwa na killa mtu, mdogo na mkubwa. Hatta hivyo Steere alizipiga chapa zile Zaburi kumi na sita, ziwe ukumbusho wa wema wa Sheikh, na ziwe mfano wa Kiswahili ambacho mmoja wa wanavyuoni wakubwa wa Unguja alikiona kuwa ndicho Kiswahili cha fasaha.

Huenda mtu akauliza: yafaaje kadhi wa Waislamu kumsaidia padri katika kitabu chake? Swali hili si dogo, wala haifai kulipita. Jawabu yake ni kwamba Zaburi ni kitabu alichopewa Nabii Daudi, na kuviamini vitabu vya Mwenyezi Mungu ni nguzo katika nguzo za imani. Mwislamu haamini kwamba yote yaliyomo mikononi mwa watu leo ni yale yale yaliyoteremshwa. Walakini amefundishwa na Mtume wake kwamba maneno ya Watu wa Kitabu yasiyojulikana ukweli wake wala uwongo wake hayasadikishwi wala hayakadhibishwi. Yanayoafikiana na Kurani hukubaliwa, na yanayoipinga hukataliwa. Kufasiri si kukiri, kama vile kadhi anapoisikiliza hoja ya mdai hakuwa amekwisha kumhukumia. Na kadhi ahukumuye kabla ya kusikiliza pande mbili ni mdhalimu, hatta akipata.

Na mwenye kuzitazama Zaburi hizo chache za mwanzo ataona ajabu. Ile ya kwanza kabisa yamsifu mtu aipendaye sheria ya Mungu, aifikirie mchana na usiku, ikamfananisha na mti uliopandwa kando ya maji. Mwanachuoni wa Kiarabu akisoma maneno hayo hukumbuka kwamba neno sheria asili yake katika lugha ya Waarabu ni njia ya kuendea majini. Katika hizo hizo mna Zaburi ya mtu anayelia kitandani usiku, akimwomba Mola asimrudi kwa ghadhabu bali amrehemu. Mna moja isemayo kwamba watu wote wamepotoka, hapana atendaye mema. Na mara baada yake mna moja iulizayo ni nani atakayekaa karibu na Mungu, ikajibu kwamba ni yule aendaye kwa unyofu, asemaye kweli, asiyemsengenya jirani yake, asiyekula riba wala kupokea rushwa juu ya asiye na hatia. Kadhi gani asiyejua uzito wa maneno hayo? Basi ndani ya kurasa chache alizozifasiri Sheikh, sheria na rehema zimeandikwa pamoja, wala moja haikuja kuifukuza nyingine.

MAS-ALA YA SHERIA NA NEEMA

Sheikh Abdulaziz alijadiliana na wamisheni juu ya dini, na khabari hiyo ilijulikana Unguja. Ili ifahamike nini kilichokuwa baina ya wanavyuoni na wamisheni, yapasa kwanza kuyaeleza maneno ya Wakristo kama wayasemavyo wenyewe.

Mwanzo wa mas-ala ni Paulo, ambaye Waarabu humwita Bulus. Yeye alikuwa Myahudi aliyesoma sheria ya Musa, akawatesa wafuasi wa Nabii Isa, kisha akageuka akawa mhubiri wao mkubwa. Watu wasio Wayahudi walipoingia katika dini hiyo, likazuka swali: watahiriwe na washike sheria ya Musa, au la? Kiasi cha mwaka 49 wakubwa wao walikutana Yerusalemu, wakaamua wasilazimishwe kutahiriwa, ila wajiepushe na vilivyochinjiwa masanamu, na damu, na vilivyonyongwa, na uzinifu. Paulo akaandika nyaraka, na kubwa katika mas-ala hii ni zile mbili kwa watu wa Galatia na kwa watu wa Rumi. Hoja yake ni kwamba sheria humwonyesha mtu dhambi yake, walakini haimpi nguvu ya kuiacha. Kwamba Ibrahimu alihesabiwa kuwa mwenye haki kwa imani yake kabla hajatahiriwa. Na kwamba sheria ilikuwa kama mtumwa amshikaye mtoto mkono kumpeleka chuoni, na mtoto akifika kwa mwalimu, kazi ya yule mtumwa imekwisha. Ile Zaburi isemayo kwamba hapana atendaye mema, ndiyo moja ya hoja zake katika waraka wa Rumi. Kwa hiyo, kwake yeye, mtu huokolewa kwa neema ya Mungu, na neema hiyo huipata kwa kuamini kwamba Isa alikufa kwa ajili ya dhambi za watu.

Walakini Mwislamu asidhani kwamba Wakristo wamesema mtu na atende apendavyo. Paulo mwenyewe aliukataa uelekezo huo. Yakobo, katika waraka wake uliomo katika kitabu kile kile, asema kwamba imani isiyo na matendo imekufa. Kanisa la Kiingereza, ambalo Steere alikuwa padri wake, lina vifungu 39 vya itikadi vilivyothibitishwa mwaka 1571, na cha saba katika hivyo chaeleza kwamba ibada na taratibu za Torati hazimlazimu Mkristo, walakini amri za tabia njema hapana Mkristo aliyefunguliwa nazo. Na Waluteri, waliojenga misheni Kisarawe mwaka 1892 na baadaye wakaingia Maneromango, humfuata Martin Luther, Mjerumani aliyefundisha kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani peke yake. Hatta hivyo kitabu kidogo cha mafundisho alichokiandika Luther mwaka 1529 chaanza na zile Amri Kumi, na watoto wao huzihifadhi kama watoto wa chuoni wahifadhivyo Juzuu Amma. Basi amwambiaye Mluteri wa Kisarawe kwamba hana amri wala katazo, amemsingizia.

JAWABU YA WANAVYUONI

Jawabu ya wanavyuoni wa madhehebu ya Sheikh ina mafungu manne.

Fungu la kwanza ni kwamba kubadilika kwa hukumu si ajabu. Mitume dini yao ni moja, na sheria zao ni mbali mbali. Kurani yaeleza kwamba Nabii Isa alikuja kuisadikisha Torati na kuhalalisha baadhi ya yaliyoharimishwa Wana wa Israili. Waislamu nao hawaishiki Sabato. Basi ugomvi haumo katika kwamba baadhi ya hukumu za Musa zimeondoka. Ugomvi umo katika neno hili: je, sheria huondolewa na sheria nyingine itokayo kwa Mola yule yule, kwa ulimi wa Mtume, au huondolewa kwa kuwa zama za sheria zimekwisha? Waislamu husema la kwanza, na hawalioni la pili katika mwendo wa Nabii yeyote.

Fungu la pili ni katika toba. Kwa Waislamu, Adamu alikosa, akafundishwa na Mola wake maneno ya kuomba, akaomba, akakubaliwa. Dhambi yake haikurithiwa na watoto wake, wala hapana nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine. Kwa hivyo msamaha haukuhitaji kusulubiwa mtu, bali mlango wake ni wazi kwa mwenye kurejea, mpaka roho ifike kooni. Na hapa ndipo hasa njia zinapoachana, wala haifai kupafunika kwa maneno matamu. Mkristo aona neema imekuja kwa kifo cha Isa, na Mwislamu aona neema ilikuwako toka siku ya Adamu.

Fungu la tatu ndilo wasilolijua wengi katika Waislamu wenyewe. Wao hudhani kwamba amali huilazimisha Pepo, kama kibarua amlazimishavyo tajiri mshahara. Hiyo si itikadi ya Ahlu Sunna. Mwenyezi Mungu halazimiwi na kitu. Thawabu yake ni fadhila, na adhabu yake ni uadilifu. Mtume Muhammad amefundisha kwamba hapana mtu atakayeingizwa Peponi na amali yake, hatta yeye mwenyewe, ila Mungu amfunike kwa rehema yake. Basi Mkristo asemaye kwamba Waislamu hununua Pepo, hakukosea kwa Waislamu wajinga, walakini amekosea kwa Uislamu.

Fungu la nne ni kwamba sheria yenyewe ni rehema. Mtu aliyepotea porini usiku, akaja mwenye taa akamwambia pita hapa wala usipite pale, hatamlalamikia kwamba amemfunga. Msafiri amepunguziwa sala, mgonjwa ameruhusiwa kufungua, mwenye kukosa maji ametayamamu, na mwenye dhiki ya kufa ameruhusiwa kula nyamafu. Hizi ni hukumu za sheria, na zote ni neema. Ndivyo alivyo kadhi aliyekaa Kilwa akimwamuru mdai amngojee mdaiwa: hakuiacha sheria ili arehemu, bali alirehemu kwa kuishika sheria.

Na wanavyuoni wamezidi kuonya pande mbili. Imamu Ghazali, Mshafi, katika kitabu chake cha Ihya ameandika mlango wa hofu na matumaini, na mlango wa watu walioghurika. Miongoni mwa walioghurika ni mcha Mungu aitazamaye ibada yake akajiona amekwisha kufika, na ni mwenye kuasi asemaye Mungu ni karimu, akalala mpaka jua likatoka. Wa kwanza ameisahau rehema, na wa pili ameifanyia mzaha. Wagonjwa hawa wawili wamo katika dini zote, na wamo katika misikiti ya mrima.

MANENO YALIYOPITA KATIKA NDIMI

Katika ajabu za khabari hii ni kwamba wamisheni walipotaka kuyaandika mafundisho yao kwa Kiswahili, hawakupata maneno ila yale ambayo Waislamu wa pwani walikuwa wakiyatumia karne nyingi. Agano Jipya zima katika Kiswahili cha Unguja lilipotoka mwaka 1883, neno la neema lilikuwa neema, na la amri za Musa lilikuwa sheria au torati. Na imani ni imani, na toba ni toba, na dhambi ni dhambi, na rehema ni rehema. Maneno haya yote yaliingia Kiswahili kwa njia ya darsa na msikiti. Kwa hiyo Mwislamu na Mkristo wa Kisarawe wakiketi kuzungumza, hutamka maneno yale yale, na killa mmoja amekusudia maana yake. Ugomvi mwingi wa barazani asili yake ni hii. Mwenye akili, kabla hajajibu, humuuliza mwenziwe: wewe ukisema neema, wakusudia nini?

MWISHO WA MAISHA YAKE

Sayyid Barghash, aliyetawala toka 1870 hatta 1888, alimtumia Sheikh Abdulaziz katika kazi za dola. Alimpeleka Ngazija kwa mambo ya masultani wa huko, na akampeleka bara, nchi za mto Ruvuma, kwani alikuwa mtu wa busara ajuaye kusema na wakubwa. Pamoja na hayo hakuacha kusomesha. Alikuwa shekhe wa tarika ya Kadiria, akiwalea wanafunzi katika dhikri kama alivyowalea katika fikihi. Aliandika vitabu katika tauhidi, na fikihi, na nahau, na tasawufi, na tarikhi. Na akaanza kamusi ya Kiswahili na Kiarabu, walakini hakuwahi kuikamilisha. Vingi katika vitabu vyake vimepotea, na huo ni msiba wa pwani nzima, kwani mtu akifa huacha kizazi, na kitabu kikifa hakiachi kitu.

Aliishi akaona mambo makubwa. Aliona mrima ukiingia mikononi mwa Wajerumani, na aliona Unguja ikiwekwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890. Mwanawe, Sheikh Burhan bin Abdulaziz, naye alikuwa kadhi wa Unguja, akafariki mwaka 1935. Sheikh Abdulaziz mwenyewe alifariki Unguja mwaka 1896, baada ya kutumikia sheria ya Mungu toka ujana wake.

MAFUNZO

Mwenye kuyasoma maisha haya na ashike mambo matatu. La kwanza, asimhukumu jirani yake kabla ya kumsikiliza. Kadhi alimfasiria padri Zaburi, wala hakuogopa, kwa kuwa mwenye ilimu haogopi kusikia. La pili, asiufiche ukweli kwa ajili ya kupendwa. Baina ya dini mbili mna khitilafu ya kweli katika habari ya Isa, na kusulubiwa, na kurithiwa kwa dhambi, na yapasa isemwe kwa adabu kama ilivyo. La tatu, na ndilo kubwa, aitazame nafsi yake. Akimcheka Mkristo kwamba ameiacha sheria kwa ajili ya neema, naye ameiacha sala ya alfajiri kwa kutegemea kwamba Mungu ni Mwenye kusamehe, basi amejicheka mwenyewe. Na akijivuna kwa sala zake mbele ya jirani yake, basi ameisahau rehema ambayo hatta Mitume hawakujitosheleza nayo.

Ewe Mola, mrehemu Sheikh Abdulaziz na masheikh wake na wanafunzi wake. Tuongoze katika sheria yako kwa rehema yako, wala usituhesabie amali zetu kwa uadilifu wako peke yake. Na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad. Amin.

Imekwisha kwa msaada wa Mwenyezi Mungu.